Kipande cha Bega

Mume wangu aliacha nyama siku ya Jumanne, bila kunishauri, na mimi nilikuwa nimeshakaanga maini. Hapa Siakago mwanamume akikataa maini, majirani huuliza kama anaumwa au kama ana nyumba nyingine anakokula. Runji hakuwa na ugonjwa wala nyumba nyingine. Alivuta sahani ya ndengu, akala akashiba, akanishukuru, akaenda kuwafungia mbuzi. Mimi nikayala yale maini yote peke yangu kwa hasira.

Wa kulaumiwa ni kitabu. Lakini ili nikilaumu vizuri, lazima nianzie kwenye visima.

Runji alikuwa fundi wa kuchimba visima vya maji. Maisha yake yote ya kazi alizunguka Mbeere na lori lenye mtambo, akitoboa ardhi hii yetu kavu. Sasa, huku kwetu lori hilo likifika kijijini watu hawangoji maji ndipo washerehekee. Mbuzi anachinjwa siku hiyo hiyo, mafundi wanalishwa, akina mama wanaimba na mitungi yao mkononi. Halafu siku nyingine mtambo unashuka, unashuka tena, na kinachotoka ni vumbi tu. Mafundi wenzake walikuwa wakisahau kabla ya kufika barabara ya lami. Runji hakuwahi kusahau. Alirudi nyumbani akakaa kitandani akitazama ukuta, na nikimuuliza ana nini, jibu lilikuwa moja: "Nimekula mbuzi yao, Mama Karimi. Nimekula mbuzi yao nikawaachia shimo."

Alipostaafu nikadhani yamekwisha. Kumbe vile visima vikavu vilistaafu pamoja naye, vikahamia chumbani kwetu. Mtu akigeukageuka kitandani usiku kucha, mke wake naye hapati usingizi, na mimi nisipolala sina maneno mazuri asubuhi. Muulize yeyote ninayeuza naye mahindi hapa sokoni.

Wiki yake ya mwisho kazini, mhandisi mmoja Mhindi kutoka Nairobi alimkuta ameketi kando ya shimo lisilo na maji, akazungumza naye kidogo, kisha akampa kitabu. Ndani mlikuwa na maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, yametafsiriwa kwa Kiingereza, na maelezo marefu chini ya kila ukurasa. Mimi nilitazama picha ya jalada nikasema moyoni, haya, sasa tumepata dini ya pili na hata ile ya kwanza hatujaimaliza. Runji alikuwa akisoma ukurasa mmoja kwa wiki nzima, na akiwalisha mbuzi alijitafsiria kwa Kimbeere kwa sauti, mpaka nikazoea kuwaona mbuzi wakimsikiliza.

Binti yetu Karimi, anayefanya kazi ya ofisi mjini Meru, ndiye aliyemtafutia mwalimu. Anaitwa Regina, mhadhiri wa masomo ya dini katika chuo kikuu kule Nchiru, karibu na Meru, mama wa Kimeru anayeimba kwaya kanisani na kuisoma lugha ya maandiko hayo kama mimi ninavyosoma bei ya mahindi. Alikuwa na kikundi kidogo cha watu wazima na wanafunzi waliokutana kwenye chumba nyuma ya kibanda cha chapati. Basi kila mwezi Runji akawa anapiga pasi suruali na kwenda Nchiru kusoma.

Siku moja alirudi kutoka huko akaketi jikoni, kofia bado kichwani.

"Mama Karimi," akasema, "kumbe kazi ilikuwa yangu, lakini maji hayakuwa yangu."

Akanieleza. Kwamba wale wazee wa zamani walifundisha kuwa mtu afanye kazi yake kwa moyo wote, halafu kitakachotoka akiachilie, kwa sababu hakikuwa chake tangu mwanzo. Kwamba yeye alitoboa kwa uaminifu kila mahali, na huko chini kwenye mawe hana mamlaka. Nilimwambia maneno hayo hata mimi ningempa bure, bila nauli ya kwenda Nchiru. Lakini usiku huo alilala. Alilala mpaka jogoo akachoka kuwika, na mimi nikalala kando yake nikisikiliza anavyokoroma, nikalia kwa furaha. Sioni haya kulisema.

Kwa hiyo alipoendelea kusoma, akafika penye mafundisho ya kutoumiza kiumbe chochote, akaniambia kwamba nyama imemshinda, nilichukia lakini sikumzuia. Nilijua ni mbuzi gani aliyekuwa bado amemkwama kooni. Nilinung'unika tu, maana kunung'unika ni haki yangu. Mbuzi wetu wakaanza kuzeeka zizini bila wasiwasi wowote. Padri alikuja mara moja kuuliza kama Mzee Runji bado ni wetu. Runji akamwambia, "Padri, tangu nianze kusoma hivi sijasinzia tena kwenye mahubiri yako." Padri alikunywa chai yake akaondoka ameridhika.

Tungeendelea hivyo, kama Karimi asingepata mchumba.

Antony ni kijana wa Kinoru, kule Meru, mpole, ana kazi na ana adabu, sina neno naye. Watu wake walituma ujumbe kwamba wanakuja kwa ruracio, yaani mazungumzo ya mahari. Sasa katika ukoo wa mume wangu kuna jambo moja. Siku hiyo ng'ombe wanaweza kuahidiwa, blanketi zinaweza kusahaulika nyumbani, na bado mambo yakaenda. Lakini mbuzi akishachomwa, bega lake hukatwa vipande viwili, vikawekwa juu ya ubao mmoja. Baba wa binti anachukua kimoja, msemaji wa wageni anachukua kingine, wanakula mbele ya watu wote. Wakimeza, binti ameolewa. Mmoja asipokula, amesema hapana, na hapana hiyo haina maelezo. Wageni huchukua kofia zao.

Karimi alinipigia simu.

"Mum, umeongea na Baba?"

"Kuhusu nini?"

"Mum, usijifanye. Kuhusu bega."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Msemaji ni anko yake Antony," akasema. "Mzee Kailemia. Huyo ni mtu wa mila mpaka kwa mifupa. Mwaka jana alitoka kwa ruracio ya watu wengine sababu baba ya msichana alikataa kuonja uji wao. Alisimama tu akaenda, Mum, na hiyo harusi haikufanyika."

"Kwa hivyo unataka nimwambie baba yako akule?"

Nikasikia analia. "Hapana. Sitaki akule kama itamrudisha vile alikuwa. Na sitaki kukosa Antony. Sijui nataka nini, Mum."

Jioni hiyo hiyo Runji alimpigia mwalimu wake, simu akaiweka sauti ya juu kwa kuwa masikio yake yaliharibiwa na mitambo. Mimi nilikuwa nikichambua mboga karibu sana.

"Mwalimu," akasema, "nile nisile?"

"Mzee Runji," Regina akajibu, "hilo siwezi kukuamulia. Uliacha nyama ili moyo upate kutulia. Uangalie tu kama ni wewe umeishika hiyo nadhiri, ama ni hiyo imekushika."

Akamshukuru sana. Mimi nilitaka ndiyo au hapana, nikapewa kitendawili! Nilikata sukuma wiki nusura nikate na kidole. Nilipomuuliza Runji atafanya nini, alisema atajua akifika hapo. Alikuwa mtulivu kabisa, na utulivu wake ulinikera kuliko kitu chochote. Yeye hakuona nilichokiona mimi. Akila, vile visima vitarudi kitandani kwangu kimoja baada ya kingine. Asipokula, mtoto wangu atabaki amevaa nguo mpya huku wageni wakitoka langoni. Mmoja wao lazima aumie, na wote wawili ni wangu.

Nikaamua kupika.

Nilinunua soya, zile za pakiti zilizokaushwa. Nikazilowesha, nikazitwanga pamoja na ndengu zilizochemshwa, nikatia kitunguu saumu, chumvi, pilipili na unga kidogo wa kushikanisha. Nikalifinyanga bonge hilo mpaka likapata umbo la kipande cha bega. Kisha nikamwita Kithaka, binamu ya mume wangu, ambaye ndiye mkataji wa nyama katika sherehe zote za ukoo. Nikamweleza. Kipande hiki kitachomwa kwenye jiko langu, mbali na mbuzi, halafu yeye atakiweka kwenye ubao upande wa Runji.

"Shemeji, lakini hii si ni uongo?" Kithaka akauliza.

"Ni upishi," nikamwambia.

Alikinusa. "Tukipake mafuta ya mbuzi kidogo, kinukie."

"Thubutu! Kama ni kudanganya, tutadanganya wageni. Mdomo wa Baba Karimi hautaguswa na mafuta ya mbuzi."

"Na yeye anajua?"

Hakujua. Tangu aanze kusoma, Runji hasemi uongo hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba chai inakaribia wakati hata moto haujawashwa. Ningemwambia, angekataa. Hesabu yangu ilikuwa kwamba akishauma atatambua mwenyewe, na mdomo ukiwa umejaa hataweza kusema kitu.

Jumamosi wageni wakaja na nyimbo. Akina mama wa kwetu wakawafungia lango kwa nyimbo pia, wakabishana kwa kuimba mpaka wote wakachoka wakacheka, lango likafunguliwa. Mzee Kailemia alitangulia. Ni mrefu, ana kofia nzuri na fimbo, koti limenyooka. Ila mguu mmoja alivaa kiatu cheusi cha ngozi na mwingine kandambili.

"Nilijikwaa kwenye jiwe," akasema kabla hata hajaulizwa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mzee Kailemia alizungumza kwa heshima, akasifu boma letu, akasifu elimu ya Karimi. Akatazama zizi.

"Hizi mbuzi zenu zina umri," akasema.

"Zimestaafu," Kithaka akamjibu, na watu wakacheka.

Mimi nilikuwa jikoni, dirisha wazi, nikiona kila kitu. Karimi aliketi kati ya shangazi zake, mikono imekunja leso mpaka imekuwa kamba. Antony alikuwa ng'ambo, anatoa jasho ndani ya suti. Kithaka akaleta ubao. Akauweka kwenye meza ndogo kati ya wazee wawili, soya upande wa Runji, bega la kweli upande wa mgeni, kama tulivyopanga. Nikapumua.

Kitu nilichosahau ni adabu. Kipande changu nilikuwa nimekipenda kupita kiasi. Kilikuwa kikubwa kuliko kile cha mbuzi, kimekauka vizuri pembeni, rangi ya kahawia inayong'aa. Runji akatazama vipande vyote viwili, akaona kilicho kizuri kimeelekezwa kwake. Na mwanamume aliyelelewa Mbeere hawezi kubaki na kizuri wakati mgeni yupo. Akashika ubao kwa mikono miwili, akaugeuza polepole, kipande kizuri kikamfikia mgeni.

Kithaka alitazama dirisha langu, kisu kikamponyoka.

"Karibu, muthoni," Runji akamwambia Mzee Kailemia, kwa lile neno la kuitana wakwe.

Mzee Kailemia alikitazama kipande chake kwa muda. Akashusha pumzi, akauma. Akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena, taratibu, macho yakimtoka.

Runji naye akachukua kilichobaki. Mbuzi wa kweli, bega la kweli, mafuta yakimtiririka vidoleni. Mimi namjua huyu mtu. Nilitegemea kuona ule uso wa zamani, wa kutazama ukuta. Sikuuona. Alikuwa na uso ule anaokuwa nao asubuhi akisoma. Akamtazama Karimi, akamtabasamia, akafungua mdomo.

Nilikuwa nimemsumbua mtu huyu kuhusu nyama tangu ile siku ya maini. Nilikuwa nimemwita mzee wa majani mbele ya dada zake. Na sasa anakula kwa hiari yake, bila kulazimishwa, na mtoto wangu ameolewa, ningenyamaza tu yakaisha. Sikuweza. Miguu ilinitoa jikoni kabla sijaamua, mwiko bado mkononi.

"Baba Karimi, usile!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Mwanamke haingilii hapo, na akiingilia, hapigi kelele, na hapigi kelele akiwa na mwiko. Karimi akajifunika uso kwa leso. Lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Mzee Kailemia, nisamehe. Mume wangu hali nyama. Si dharau, na si kwamba hataki watu wako. Alichimbia watu visima miaka yote, wakamchinjia mbuzi, na siku zingine maji hayakutoka, na hizo mbuzi zilimkaa moyoni mpaka akakosa usingizi. Akasoma vitabu vyake vya Wahindi, akaacha nyama, akalala. Mimi ndio shahidi, mimi ndio nalala kando yake! Na hiyo iko kwa mdomo yako si bega. Ni soya na ndengu. Nimepika mimi, ilikuwa ya yeye, hakuwa anajua. Kama kuna mtu wa kukasirikiwa ni mimi. Mtoto hana makosa."

Mzee Kailemia akameza. Tulimwona koo likishuka. Akainua kile kipande, akakigeuza huku na huku.

"Hii ni soya?"

"Ni soya, mzee."

"Haina damu hata kidogo?"

"Hata tone."

Akaweka fimbo chini. Akainama, akavua kandambili, akaunyoosha mguu mbele ya watu wote. Kidole gumba kilikuwa kimefura, chekundu, ngozi imekazika.

"Hakuna jiwe nilijikwaa," akasema. "Ni gauti, huu ugonjwa wa viungo. Daktari alinikataza nyama tangu Krismasi, akasema nikiendelea nitakuwa natembezwa kwa kiti cha magurudumu. Nikakuja hapa nikijua leo kuna bega. Nikajiambia, nikikataa nimemnyima Antony bibi. Nikikula, kesho sisimami. Nikasema basi, mguu uende." Akamgeukia Runji. "Kumbe na wewe ulikuwa umekaa hapo na yako?"

"Nilikuwa nayo, muthoni," Runji akasema.

"Na ulikuwa unaikula?"

"Nilikuwa naikula."

Wakatazamana, wazee wawili wenye heshima zao, kila mmoja amejiandaa kuumia ili asimwaibishe mwenzake. Aliyeanza kucheka ni Kailemia. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, Runji naye akashindwa kujizuia, kisha uwanja wote. Antony alikuwa akicheka na kujifuta machozi kwa tai.

Mzee mmoja wa kwetu akauliza, sasa mila inasemaje? Kailemia akamjibu kwamba mila inasema wale pamoja kutoka ubao mmoja, na haijasema lazima waumwe pamoja. Akachukua kisu, akaikata ile soya katikati, akampa Runji nusu. Wakala. Wakameza. Vigelegele vilipanda, na nilivianza mimi, maana mwiko nilikuwa bado nao na nilihitaji kuupungia kitu. Karimi alinikimbilia akanikumbatia shingoni. Bega la kweli alipewa Kithaka, ambaye alilimaliza lote akisema hofu imemmaliza nguvu. Na Mzee Kailemia hakuondoka mpaka nilipomweleza mara mbili jinsi ya kulowesha soya, kwa ajili ya kumweleza mke wake.

Jioni, wageni walipokuwa wameshaenda, Runji alikuja kunisaidia vyombo. Mimi nasugua, yeye anafuta.

"Ulikuwa unakula kweli?" nikamuuliza.

"Kweli."

"Na nadhiri yako?"

"Mwalimu aliniambia niangalie nani ameshika mwenzake. Nilipomwona mtoto nikaona naweza kuiachilia." Akafuta sahani, akaiweka. "Ungeniacha tu, Mama Karimi. Ningekula, na usiku ningelala. Hiyo nilikuwa na hakika nayo."

Nilisugua sufuria moja kwa muda mrefu ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Najua ungelala," nikamwambia. "Mimi ndiye nisingelala."

Aliweka kitambaa chini, akaingia ndani, akarudi na kile kitabu. Akavuta kigoda karibu na karai, akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, akaanza kunisomea kwa Kimbeere. Nikamwambia asome polepole, sufuria bado zilikuwa nyingi.